Neno Nililoandika kwa Penseli

Kitendawili. Ukiitika "tega," basi natega: kwangu mimi linauma, kwa mjukuu wangu linachezesha miguu, na neno ni lile lile moja. Usihangaike kunipa mji. Jibu nitalitoa mwenyewe, maana ndilo lililonifanya nishindwe kumtazama mtoto wa watu usoni.

Jumanne ile Janice alinijia hapa Mutuini mwendo wa saa nne asubuhi, nikiwa nje nachambua mboga ya managu. Janice ni binti wa mwanangu Kiarie, na kwa desturi yetu yeye ndiye mimi. Alipewa jina langu, Waithera, kabla kitovu hakijakauka. Akanipa mkono, akaketi juu ya debe, akatoa mkobani vitu vitatu: chupa ya kahawia, glasi yenye tumbo pana, na karatasi.

"Cucu," akaniita kama bibi anavyoitwa kwetu, "leo nimekuja kikazi."

"Kazi gani inakuja na chupa?"

"Ile yetu, mimi na Parminder. Tumetoa ya kwanza."

Nilikuwa nimesikia habari zake. Yeye na Parminder, msichana rafiki yake tangu chuo, wanapika bia kwenye godauni nyuma ya duka la vyuma la Mzee Harbhajan kule Ngara. Harbhajan ndiye baba yake Parminder. Si pombe ya kujificha. Leseni wameitundika ukutani kama picha ya harusi. Machicha yake ndiyo ng'ombe wangu amekuwa akila, nami najifanya sijui yanatoka wapi.

"Unajua mimi sinywi," nikamwambia.

"Sikwambii unywe. Onja tu."

"Nikionja niteme?"

Akakuna kichwa. "Hapo sasa, Cucu... Divai ndiyo hutemwa. Bia lazima umeze, juu uchungu wake unasikika huku nyuma, kwa koo."

Nikacheka. Mume wangu Karanja alikunywa shamba lote la upande wa mto, na siku tulipomzika nilisimama mbele ya kanisa nikasema ulimi wangu hautagusa pombe tena. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja. Lakini kabla ya Karanja nilikuwa binti wa Mbugua, na Mbugua ndiye aliyeitwa kila palipokuwa na mahari, atengeneze muratina, pombe ya wazee. Mtoto wa kike haruhusiwi kunywa, ila baba aliniita kila alfajiri niweke sikio langu kwenye kibuyu, nimwambie ndani kunasemwa nini. "Sikio halilewi," alikuwa akisema. Kisha anachovya kidole na kunidondoshea tone moja ulimini. Nikisema bado, wazee wanangoja. Nikisema tayari, wanakunywa. Nilikuwa na miaka tisa.

Janice hadithi hiyo anaijua, mimi ndiye niliyemsimulia. Kwa hiyo nimlaumu nani?

"Alhamisi ya wiki ijayo kuna mtu anakuja, anaitwa Lazarus," akasema. "Ana hoteli huko Lavington. Akiipenda, ataichukua kila mwezi. Akiikataa, babake Parminder anataka godauni yake arudishe misumari na mabati. Ameshasema. Sisi tumeonja mpaka ulimi umekufa ganzi, Cucu. Nataka mtu mwenye anajua."

Akaigeuza chupa nione karatasi iliyobandikwa. Kwa herufi kubwa palikuwa pameandikwa WAITHERA.

"Umeweka jina langu kwa pombe?"

"Ni langu pia."

Akamimina.

Rangi yake ilikuwa ya shaba, yenye ukungu kidogo, na povu zito kama la maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi. Nikainusa nikiwa bado najiambia kunusa si dhambi. Kulikuwa na ganda la chungwa unapolikwaruza kwa ukucha. Nyuma yake mapera yaliyoiva mpaka yanaanguka. Nyuma zaidi ule utomvu wa msonobari unaobaki kwenye panga ukishakata ua. Janice akaniambia hayo yote hutoka kwenye maua fulani makavu ya kijani yanayoitwa hopsi, na kwamba wameyatia mara mbili, mara ya pili pombe ikiwa imeshapoa.

Nikaonja. Mungu anisamehe, nilionja vizuri. Uchungu ulikuja wa mwisho, ukaketi nyuma ya ulimi kama uchungu wa managu yaliyopikwa bila maziwa. Joto likateremka kifuani polepole. Hii haikuwa bia ya kitoto. Miaka thelathini na mmoja ikakunjika kama kanga. Nikarudia mara ya pili kwa kuwa nilitaka, wala si kwa ajili ya kazi. Hilo pia naliandika.

Mara ya pili ndipo nilipoisikia siagi. Siagi, na mkate sikuuona. Nikashtuka. Nikaichukua chupa, nikaweka sikio kwenye shingo yake. Ndani kulikuwa na mnong'ono mwembamba, wa haraka haraka, kama watoto waliofichwa chini ya kitanda.

Pombe iliyokomaa baba aliiita iliyotulia. Ile inayopigana bado ndani aliiita kali, kama mbwa mkali: huitoi nje ikakutana na watu. Unaiacha jikoni karibu na joto siku nne tano, imalize hasira zake, na ile siagi inaondoka yenyewe.

"Haya, andika," Janice akasema, akinipa penseli. Karatasi yake ilikuwa na nafasi za rangi, povu, harufu na ladha, na chini kabisa mstari: *Kwa neno moja, bia hii ni...*

Nikaandika KALI.

Hilo ndilo jibu la kitendawili.

Janice alisoma, akaruka kutoka kwenye debe likabiringika. "Kali! Cucu amesema ni kali! Tumeshinda!" Akanikumbatia na majani ya managu mikononi mwangu.

Sasa usidhani sikumwelewa. Kwa vijana wa Nairobi kiatu kizuri ni kali, wimbo mzuri ni kali, hata chapati ikinyooka ni kali. Naishi nao, nawasikia. Nilijua papo hapo kwamba nimesema jiwe na yeye amesikia mkate.

"Ngoja kidogo, mami, sijamaliza..."

"Hodi! Hodi hapa, Mama Kiarie!"

Ilikuwa sauti ya Rael langoni. Rael ni mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani. Ni mwanamke mwema, aliniuguza nilipovunjika kiuno, lakini pua yake polisi wangeiajiri. Sikufikiri. Glasi niliisukuma nyuma ya beseni la managu, Janice akatupa chupa mkobani, nami nikatafuna jani bichi kama mbuzi.

"Bwana asifiwe," Rael akasema, akiketi. "Mbona hapa kunanukia machungwa?"

"Ni sabuni," nikasema. "Janice ameniletea sabuni."

Janice akauma mdomo asicheke. "Sabuni kali sana, Mama Rael."

"Kali kweli," nikasema.

Janice alipoondoka nilimsindikiza mpaka langoni. Kutoka mlangoni pangu mpaka langoni ni hatua kama arobaini. Ningeweza kusema katika hatua yoyote. Lakini Rael alikuwa amenishika mkono akinieleza mambo ya harambee ya mabati, nami kusema nilichosikia kwenye ile chupa kungekuwa kusema kwamba niliionja. Nikapunga mkono.

Alhamisi ya wiki ile ile akina mama walikuwa kwangu, ni zamu yangu. Tulikuwa kumi na mmoja, Biblia magotini. Simu yangu iliwahi kuanguka kwenye ndoo, na tangu siku hiyo haisemi ila kwa kupaza sauti nyumba nzima isikie. Ikalia. Nikabonyeza.

"Cucu! Tuko karibu kuanza kujaza chupa. Parminder amesimama hapa mbele yangu anasema anasikia siagi, ati tungoje. Nimemwambia Cucu ameonja, Cucu ameandika kwa mkono wake ni kali. Hebu mwambie mwenyewe."

Wanawake kumi wakainua macho.

"Cucu, uko?"

"Niko."

"Si ulisema ni kali?"

Kulikuwa na nafasi ndogo ya kupumua hapo, kama ile kati ya umeme na ngurumo. Rael alikuwa ananitazama akiwa na kidole kwenye mstari aliokuwa akisoma.

"Ndiyo," nikasema. "Kali. Kwaheri, mami."

"Nini hiyo kali?" Rael akauliza.

"Pilipili. Mtoto ananunua pilipili."

Tukaendelea kusoma. Sikumbuki tulisoma nini.

Nilijifariji. Nilijiambia, itakuwa na ladha ya siagi, basi. Nani amewahi kufa kwa siagi? Ijumaa nilisema nitapiga simu Jumamosi. Jumamosi nilisema nisimsumbue. Jumapili niliongoza kwaya nikiimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Jumatatu nilikumbuka kwamba Parminder, mtoto asiyewahi kuona kibuyu, alikuwa amesikia nilichosikia mimi, na mimi binti Mbugua nikamfunga mdomo kwa uongo. Hata hapo sikupiga.

Alhamisi asubuhi, siku ya Lazarus, nilikuwa natandika kitanda niliposikia mlio jikoni kama wa bastola. Nikakimbia. Uji wangu wa kuchachusha, niliokuwa nimeutia kwenye chupa ya soda na kuufunga kwa nguvu, ulikuwa umerusha kifuniko mpaka kwenye bati na kutapika ukuta mzima. Nikasimama pale unanidondokea kichwani. Vibuyu vya baba vilizibwa kwa gunzi, vikipumua. Chupa za Janice zinafungwa kwa chuma. Kitendawili: nyumba yangu haina mlango, na ndani watu wanagombana. Wengi watasema ni yai. Si yai.

Nikampigia, hakushika. Nikapiga tena. Nikavua aproni, nikapanda boda boda mpaka kituo cha matatu bila hata kufunga kitambaa vizuri.

Nilishuka mjini River Road, nikatembea. Watu walikuwa wamebeba magurudumu, madirisha, marobota ya karatasi, nami sikumpisha mtu, mzee mmoja akaniambia, "Mama, kwani mbinguni wanafunga?" Nikafika Ngara mguu wangu mbaya ukiwaka moto.

Mlangoni mwa godauni nilisikia Janice akifoka.

"Nilikwambia chupa zioshwe mara mbili! Mara mbili, Parminder! Uliosha kama sufuria za wageni!"

"Nimeziosha mara tatu."

"Basi mbona imepasuka?"

Nikaingia. Sakafu ilikuwa imelowa, vipande vya chupa ya kahawia vimetapakaa, na harufu ya machungwa na mapera imejaa hewani. Parminder alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji nyeupe kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Kando yao alisimama bwana mmoja mwenye koti la kijivu, ameshika kofia yake kama mtu anayetaka kuaga msibani. Nikajua ni Lazarus.

"Cucu Waithera, usikaribie hizo kreti," Parminder akasema. "Moja ilipasuka asubuhi nikiipanga. Nimeshonwa nyuzi nne, nimetoka hospitali sasa hivi. Si mbaya."

Juu yake, ukutani, karibu na leseni, walikuwa wameigongomea karatasi yangu kwa misumari minne. KALI, kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, K yenye mguu mrefu kama mwalimu alivyotufunza.

Nilisogea mpaka kwenye kreti ingawa nilikatazwa, nikainama, nikasikiliza. Zilikuwa zinanong'ona zote.

"Janice," nikasema. "Mwache huyu mtoto. Chupa zilioshwa vizuri."

"Cucu, wewe hujui..."

"Najua. Bado inatembea. Iliposhushwa kutoka kwenye joto haikuwa imemaliza kuchacha, na hayo maua mliyotia mara ya pili yakaiamsha. Siagi ndiyo dalili. Niliisikia Jumanne ile, kwa ulimi na kwa sikio."

Janice alinitazama, akaitazama karatasi ukutani. "Lakini uliandika kali."

"Kali kama mbwa, mami. Kwa baba yangu kali ni ile ambayo haifai kutolewa nje."

"Sasa mimi ningejuaje? Mbona hukusema?"

"Rael alikuja."

"Na kwa simu?"

"Rael alikuwepo."

Bwana Lazarus akaigeuza kofia yake. Nje mtu alikuwa anakata chuma, na kile chuma kililia muda mrefu sana.

"Kwa hivyo ulijua nimekosea kusikia," Janice akasema, sauti imeshuka. "Ukaniacha nimtukane Parminder. Juu ya Mama Rael."

"Ndiyo."

Parminder akaitazama bendeji yake, akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonikata: "Mimi nilisikia siagi, Cucu. Uliposema kali kwa simu, nikadhani ni mimi sina ulimi."

Nikaketi.

Janice akaing'oa ile karatasi ukutani, ikachanika pembe mbili. Akaiweka mbele yangu na penseli. "Andika tena. Na usiandike neno moja."

Nikaandika chini ya KALI: *Bado inatembea. Ina siagi. Siku nne au tano karibu na joto, halafu isikilizwe. Parminder alisema kweli. Mimi nilijua na nikanyamaza. Waithera Mbugua.* Janice akaisoma, akampa Parminder. Parminder akaisoma, akampa Bwana Lazarus, ambaye aliisoma mara mbili akiwa amevaa miwani.

"Hizi chupa siwezi kuzichukua," akasema.

"Tunajua," Janice akajibu.

"Na zilizobaki kwenye tangi?"

Akina dada wale wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nusu ya ile bia haikuwa imetiwa kwenye chupa. Janice akasema, "Tutaipa joto. Siku tano."

"Sitaahidi," Bwana Lazarus akasema, akivaa kofia. "Nipigieni. Ila huyu mama akionja, aandike sentensi nzima." Hakucheka aliposema hivyo, na hakuna aliyecheka.

Tulifunika kreti kwa magunia yaliyoloweshwa, Janice akavaa glavu na miwani ya kuchomelea ya babake Parminder, akawa anafungua moja moja. Kila kifuniko kilitoka kwa mlio, povu likaruka mpaka kwenye magunia, likanirukia mimi niliyekuwa nashika ndoo. Nilikuwa nimeomba kazi hiyo. Chupa mia mbili kasoro, zote zimeandikwa jina langu, zikamwagwa kwenye mfereji wa Ngara saa saba mchana. Majina tuliyopewa na wazazi wetu husema mengi. Langu, wanaopenda kuyachambua hunitania kwamba kwa Kikuyu limetoka kwenye neno la usafi. Nilikuwa nimelowa pombe mpaka kwenye soksi.

Siku zote nikija mjini Janice hunisindikiza mpaka River Road, ananibebea mfuko. Siku hiyo alisema ana kazi ya kuosha sakafu. Akanipa mkono, akaniambia nifike salama, na mkono wake ulikuwa wa heshima tu. Aliyenisindikiza ni Parminder. Alitembea upande wangu wa kulia ili mkono wenye bendeji usigongwe na watu. Mfuko aliubeba kwa ule mzima.

"Atapoa, Cucu," akaniambia.

"Na wewe?"

Akafikiri. "Nikishatolewa nyuzi nitakwambia."

Nilipofika Mutuini jua lilikuwa bado juu. Rael alikuwa amesimama langoni pangu na daftari la harambee. Nilimwona kutoka mbali, na njia ya kuzungukia nyuma kwenye migomba ilikuwepo, naijua vizuri. Sikuipita. Nikaenda moja kwa moja mpaka nikasimama mbele yake, upepo ukitoka kwangu kwenda kwake.

Pua yake ikafanya kazi yake. "Mama Kiarie. Hii sabuni tena?"

"Si sabuni. Wala ile ya siku ile haikuwa sabuni, wala ile ya Alhamisi haikuwa pilipili. Ni bia, anapika mjukuu wangu. Niliionja hapo nje, nikaimeza, nikaonja tena. Nikakudanganya mara mbili, na kwa sababu ya kukudanganya wewe mtoto wa watu ameshonwa nyuzi nne."

Rael alifunga daftari. Alinitazama kuanzia kitambaa mpaka soksi. Nikangoja aniambie niache uongozi wa kwaya. Pengine bado ataniambia, Jumapili haijafika.

Kisha akatazama barabarani, huku na huku, akasogea karibu.

"Na ilikuwa kali?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Nikaufunga.

"Kali vipi, Rael?" nikamwambia. "Kwanza niambie wewe unaposema kali unamaanisha nini."